Barua ya Wazi kwa Postamasta Mkuu juu ya Kipeto Kidogo cha Kilosa na Mikumi

Ndugu Postamasta Mkuu,

Naomba sehemu ya wakati wako, ambao najua una wadai wengi, nikueleze jambo ambalo katika mizani ya ofisi kubwa ni jepesi, lakini kwa wakazi wa Kilosa na Mikumi wauzao bidhaa zao kwa simu na mtandao ndilo liamualo kama biashara itaishi au itakufa, nalo ni nauli ya kipeto kidogo. Sikuandikii kulishitaki Shirika la Posta, wala kuwasuta wenye mabasi, ambao kama si wao mizigo yetu mingi isingetoka wilayani. Nakuandikia kwa kuwa Shirika uliloaminiwa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1994 baada ya Posta na Simu kutengana, ndilo lililo karibu na dawa ya maradhi haya kuliko chombo kingine chochote, na kwa kuwa naamini dawa yenyewe haihitaji fedha nyingi kama inavyohitaji tadbiri. Nimeiacha barua hii wazi kwa sababu waguswao na neno lake ni wengi: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, Shirika la Reli, wenye mabasi, na sisi wauzaji wenyewe, ambao nasi tuna fungu letu la wajibu.

Wilaya ya Kilosa, ambayo Mikumi ni mmoja wa miji yake, imekuwa njia ya mizigo ya watu wengine tangu zama za misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda bara walipita Usagara na shehena za nguo na shanga vichwani, wakarejea na pembe. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikapita Kilosa mjini. Mkonge wa Kimamba na Rudewa ukasafiri kwa reli hiyo hadi bandarini. Tawi lake likatoka Kilosa, likapita Mikumi, likaendelea hadi Kidatu kwa ajili ya bonde la Kilombero. Barabara kuu iendayo Zambia ikakata katikati ya hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Na mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ikaanza kupita Kilosa ikielekea Dodoma. Wako Watanzania wachache waliozungukwa na njia nyingi kama sisi. Hata hivyo, njia zote hizo zilipangwa kwa ajili ya abiria na shehena kubwa. Mtu mwenye kilo 2 za ubuyu, aliyekwisha kuuziana na mteja wa Tabata, hakukumbukwa katika mpango wowote, akaachwa ajitafutie kondakta mwenye huruma.

Na mtu huyo leo si mmoja. Wako wanawake wa Mikumi wasukao vikapu na mikeka ya ukili, vijana wauzao ukwaju na ubuyu wa bonde la mibuyu, wenye mizinga walio na asali ya Ulaya, nami nasema Ulaya iliyo kati ya Kilosa na Mikumi, si ile ya ng'ambo, na wenye mchele, batiki, sabuni za mafuta ya mimea na nguo za kushona. Hupiga picha ya bidhaa asubuhi mlangoni, mwanga ukiwa bado mpole, huiweka katika WhatsApp au Instagram, na kabla ya adhuhuri mtu asiyewajua, aliyeko Mbagala au Arusha, amekwisha kuuliza bei. Fedha za simu, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2008, zimemaliza nusu ya kazi, kwa maana mnunuzi wa mbali hulipa papo hapo bila kuonana na muuzaji. Nusu iliyobaki ni kumfikishia mnunuzi mali yake, nayo imebaki katika hali ambayo babu zetu waliosubiri lori la mkonge lipite wangeitambua.

Tazama mambo yalivyo Mikumi jioni. Msukaji huvipachika vikapu vitatu kimoja ndani ya kingine ili vichukue nafasi ya kimoja, huvitia katika kiroba, hushona mdomo wake kwa shazia na uzi wa katani, na juu yake huandika kwa kalamu ya wino mzito jina la mnunuzi na namba ya simu, mara mbili, upande huu na upande huu, kwa hofu ya mvua. Kisha husimama kando ya barabara kuu mahali mabasi yatokayo Mbeya, Iringa na Songea yanaposimama ili abiria wanyooshe miguu na kuchimba dawa, kama wenyewe wasemavyo. Kondakta huutazama mzigo, humtazama na mwenye mzigo, halafu hutaja bei. Hapana mizani, hapana utepe wa kupimia, hapana kibao cha viwango. Kiroba kile kile, kwa basi lile lile, huweza kutozwa shilingi 3,000 Jumatatu na shilingi 7,000 Alhamisi, kwa kadiri ya wingi wa abiria, saa iliyobaki, na upole wa uso wa mtumaji. Muuzaji hulipa, hunakili namba ya gari na ya simu ya kondakta, humtumia mteja, na tangu hapo mali yake imo katika amana ya simu ya mtu mmoja, ambayo ikizimika chaji njiani, muuzaji hana wa kumuuliza. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mwaka 2023, kipeto huweza kuwasili Mbezi, Dar es Salaam, saa ambayo mpokeaji amelala, naye akaambiwa awahi kabla gari halijageuza.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa kuwa hoja ya biashara isiyo na hesabu ni porojo. Kikapu kizuri kinauzwa shilingi 15,000. Kondakta amepewa 5,000. Kimeshushwa katika kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi, na mnunuzi anakaa Temeke, hivyo humtuma mwendesha bodaboda akakichukue kwa shilingi 10,000. Kikapu cha 15,000 kimemfikia kwa 30,000, na ajabu yenyewe ni kwamba safari ya kutoka Mikumi hadi Mbezi, kiasi cha kilomita 300, imechukua theluthi moja ya gharama ya uchukuzi, ilhali safari ya ndani ya jiji imechukua theluthi mbili. Mnunuzi huyo atanunua mara moja, kwa hisani au kwa upenzi wa kitu cha kwao; mara ya pili atakwenda dukani Kariakoo. Muuzaji naye, akiamua kubeba sehemu ya nauli ili asimpoteze mteja, huona faida yake ikimegwa kila juma pasipo kujua ilikokwenda, kwani bandu bandu huisha gogo.

Hapo ndipo lilipo neno langu lote, Ndugu Postamasta Mkuu: gharama ya kipeto kidogo haimo katika umbali, imo katika makabidhiano. Hili si jambo jipya katika elimu ya posta. Mwaka 1837 Mwingereza Rowland Hill alichapisha kijitabu juu ya marekebisho ya posta ya nchi yake, akaonyesha kwa hesabu kwamba kuichukua barua moja kutoka London hadi Edinburgh, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, kuligharimu sehemu 1 tu ya 36 ya peni, na kwamba fedha walizotozwa watu zilimezwa na mambo mengine, kodi ikiwamo: kupima umbali, kuhesabu karatasi, kuandika madaftari, na kudai ujira mlangoni kwa mpokeaji. Mwaka 1840 rai yake ikafuatwa, ikawekwa peni 1 kwa barua isiyozidi nusu aunsi, iende karibu au iende mbali, na mtumaji alipe kabla. Magurudumu hayakuongezewa kasi, wala farasi hawakupunguziwa majani. Kilichobadilika ni hesabu za mezani.

Wala hatuhitaji kwenda Uingereza kulithibitisha hilo, maana ushahidi tunao jirani. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ile ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa mataifa yake mawili, Tanzania na Zambia, mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067; zinapokutana Kidatu, behewa la huku haliwezi kuingia kule, na shehena hulazimika kushushwa na kupakiwa upya. Milimita 67, ambazo hazizidi upana wa kiganja cha mtoto, huzaa kazi ya makuli, muda wa kungoja, na hatari ya kuvunjika kwa vitu, kuliko mamia ya kilomita zilizotangulia. Kipeto chetu nacho kina Kidatu zake: kutoka kwa muuzaji hadi kwa kondakta, kutoka kwa kondakta hadi kituoni, kutoka kituoni hadi kwa bodaboda, kutoka kwa bodaboda hadi mlangoni, na kila penye mkono mpya pana bei mpya, mashaka mapya, na mtu mpya asemaye kwamba yeye hakukipokea.

Utaniuliza, na ni haki yako kuuliza, kwa nini wauzaji hawa wasiende katika ofisi ya Posta, ambayo ina dirisha, mizani na muhuri. Wako waendao, na huduma ya EMS inajulikana hata kwa wale wasioitumia. Lakini EMS ni huduma ya haraka, na haraka ina bei yake. Hati ya mahakama au pasi ya kusafiria huistahili bei hiyo, kikapu cha shilingi 15,000 hakiistahili. Muuzaji wa kikapu hahitaji haraka, anahitaji hakika: ajue tangu leo kwamba kipeto cha uzito fulani kitatozwa kiasi fulani, kitafika katika siku tatu au nne, kitapokelewa mahali fulani karibu na mnunuzi, na kikipotea kitalipwa. Mwenye kulijua hilo huweza kuandika bei moja chini ya picha yake, nauli ikiwamo, na mnunuzi akaamua mara moja. Asiyelijua hulazimika kumwambia mteja, "tutaona nauli", na maneno hayo mawili yamefukuza wateja kuliko ubovu wa bidhaa.

Liko na jambo la stakabadhi, ambalo siwezi kulipita. Katika kampuni moja ya uchukuzi, ambayo sina haja ya kuitaja kwa kuwa haiko peke yake, nilipeleka chupa za asali zilizofungwa vema, nikapewa karatasi ya rangi ya waridi iliyonakiliwa kwa kaboni, na asali ilipokosekana mwisho wa safari nikaonyeshwa nyuma ya karatasi ile, kwa herufi ndogo zilizofifia, maneno ya kuwa kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu wa kitu chochote ambacho thamani yake haikuandikwa. Karani hakuniuliza thamani, na katika karatasi hapakuwa na nafasi ya kuiandikia. Mwaka 1884, katika wilaya hii hii yetu, Chifu Mangungo wa Msovero alitia alama yake katika hati aliyoletewa na Mjerumani Carl Peters, hati iliyoandikwa kwa lugha ya mgeni, na kila mtoto wa shule nchini hufundishwa yaliyofuata. Sisemi kwamba stakabadhi ya kipeto na mkataba ule ni kitu kimoja. Nasema kwamba watu wa Kilosa tuna sababu ya kuyaogopa maandishi ambayo mwenye kuyaandika huyaelewa peke yake.

Kwa hiyo, naleta maombi manne, na kila moja limekwisha kujaribiwa mahali fulani duniani likafaa.

Ombi la kwanza ni daraja la kipeto kidogo, chenye uzito usiozidi kilo 5, litozwe kwa kiwango kimoja kilichotangazwa, au viwango viwili ikiwa lazima, kimoja cha ndani ya mkoa na kimoja cha nchi nzima, na kibandikwe ukutani kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani ataziona. Marekani, hadi mwisho wa mwaka 1912, posta yake haikupokea kifurushi kilichozidi pauni 4, na mkulima wa mbali alikuwa mikononi mwa kampuni za uchukuzi zilizojipangia bei. Tarehe 1 Januari 1913 posta hiyo ikaanza kupokea vifurushi vya hadi pauni 11, ambazo ni kilo 5 kasoro kidogo, na shamba na mji vikaanza kuuziana moja kwa moja. Naomba pia kwamba vipimo vya ukubwa visivishinde vitu vyetu, kwa maana kikapu na mkeka ni vyepesi lakini vina umbo, na mwenye kutoza kwa ukubwa peke yake huwafungia mlango wasusi, ambao ndio wengi wetu.

Ombi la pili ni mfuko mmoja uliofungwa kwa lakiri. Mabasi yanapita Mikumi mchana na usiku, na treni zinapita Kilosa, kwa hiyo hatuombi Posta inunue gari hata moja kwa ajili yetu. Tunaomba vipeto vyote vya siku, badala ya kukabidhiwa kimoja kimoja kwa makondakta tofauti, vikusanywe katika mfuko mmoja, ufungwe Mikumi au Kilosa, uandikwe katika daftari moja, ukabidhiwe kwa basi au treni yenye mkataba na Shirika, na usifunguliwe hadi Dar es Salaam, ambako vipeto vitagawanywa kwa mitaa. Mifuko ya barua imesafiri hivyo kwa treni na kwa mabasi tangu zamani, na hapana sababu ya kuwa kipeto cha ubuyu kisistahili heshima iliyopewa bahasha. Mwenye basi atalipwa ujira wa mfuko, kondakta atapumzika na simu za wanawake ishirini wanaouliza mizigo yao, na makabidhiano yaliyokuwa kumi yatakuwa moja. Kati ya Kilosa na Mikumi zenyewe kuna zaidi ya kilomita 70, nazo zikiunganishwa kwa mfuko huo, mwenye asali wa Ulaya atachagua njia iliyo nafuu siku hiyo, ama reli kwa upande wa Kilosa, ama barabara kuu kwa upande wa Mikumi.

Ombi la tatu ni mawakala wa kupokea na kutoa. Nimekwisha kueleza kwamba theluthi mbili za nauli katika mfano wangu zililiwa ndani ya jiji. Fedha hizo zitaokolewa ikiwa mnunuzi wa Temeke atakichukua kipeto chake katika kibanda cha fedha za simu kilicho mtaani kwake, akirudi kazini. Vibanda hivyo vimo kila mtaa, vimekwisha kuaminiwa na fedha za watu, na wenyewe wanajua kuandika daftari na kudai kitambulisho. Huko Japani, kampuni ya Yamato ilipoanza mwaka 1976 kupeleka vifurushi vya watu binafsi, ilipata vifurushi 11 tu siku ya kwanza. Haikujenga ofisi kila kona, bali iliyafanya maduka ya mchele na ya pombe ya mitaani kuwa vituo vyake vya kupokelea, na huduma ile ikaenea taifa zima. Sisi tuna auni nyingine: mwaka 2022, kabla ya sensa, taifa liliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zikapata namba na mitaa ikapata majina, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Vibao vile vilivyosimikwa Kilosa na Mikumi kwa gharama ya umma visiishie kuwaelekeza wageni wa harusi. Vitumike kumwambia mgawa vipeto aende wapi.

Ombi la nne ni dhamana. Kila kipeto kipewe stakabadhi yenye namba, tarehe, uzito na thamani iliyotajwa na mtumaji. Nyuma yake paandikwe kwa Kiswahili chepesi kiasi atakacholipwa mtumaji kipeto kikipotea, na siku ambazo malipo hayo hayatazizidi. Hapa ombi langu linaelekea zaidi kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kuwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeiweka biashara ya kusafirisha vifurushi na vipeto chini ya leseni, nayo leseni ni fursa ya kuweka sharti. Atakayebeba vipeto kwa ujira, awe Posta, awe kampuni, awe mwenye basi, asiruhusiwe kujivua lawama kwa herufi ndogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumepoteza mali ilhali daftari lipo, kwa kuwa lilikuwa la upande mmoja.

Najua majibu yatakayokuja, nami sitaki kuyakwepa. Litasemwa kwamba vipeto vya Kilosa na Mikumi ni vichache mno kubeba gharama ya mpango. Nasema kwamba hapana ajuaye idadi yake, kwa sababu vingi husafiri chini ya viti vya mabasi pasipo kuandikwa popote. Uchache wake ofisini si dalili ya uchache wake barabarani, na watumaji hao wasioonekana ndio wateja ambao Shirika linaweza kuwapata pasipo kumnyang'anya mtu. Litasemwa pia kwamba wenye mabasi watapoteza kipato. Nasema kwamba kipato kile aghalabu hakiwafikii, hubaki katika mifuko ya watu wa njiani, na mkataba wa mfuko utawapa fedha yenye risiti, ambayo ni heri kwao na kwa hazina. Tena litasemwa kwamba njia zetu hukatika. Hilo ni kweli, na waliokuwako Kilosa mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukaharibu makazi na reli, hawahitaji kukumbushwa. Lakini hatukuomba ahadi ya saa, tumeomba kwamba kipeto kikichelewa, awepo mtu mwenye wajibu wa kutuambia kiko wapi.

Na sasa neno kwa wauzaji wenzangu, maana haki ya kudai huenda pamoja na wajibu wa kutenda. Tusipeleke asali katika chupa ya maji iliyozibwa kwa karatasi ya nailoni, kisha tukamlaumu mchukuzi inapomwagikia nguo za mwenzetu. Asali iwe katika chombo chenye kifuniko cha kukaza, kisimamishwe katikati ya vitu vikavu. Ubuyu na ukwaju vikaushwe na kufungwa visipitishe unyevu. Mikeka ikunjwe kwa duara na kufungwa kwa kamba pande zote mbili. Jina, simu na anwani ya mpokeaji viandikwe nje na ndani ya mzigo, kwa sababu maandishi ya nje hufutika. Tusiandike kwamba kipeto kina nguo ilhali kina pombe, wala asithubutu mtu kuchafua jina la mji wetu kwa kupitisha nyamapori au nyara katika vikapu, kwani ukaguzi wa barabara ya hifadhini ni wa haki, na kipeto kimoja cha haramu huwachelewesha wenzake mia wa halali. Tena, hata kabla ya Posta kujibu, hapana anayetuzuia kuungana: wauzaji watano wa mtaa mmoja wakipanga siku mbili za kutuma katika juma, wakatia vitu vyao katika kiroba kimoja kwa mtu mmoja wa kuaminika Dar es Salaam, kila mmoja atalipa sehemu ya tano ya nauli ya njiani, na watakuwa wamemwonyesha Postamasta Mkuu kwa vitendo jambo tunalomwomba.

Ndugu Postamasta Mkuu, sikuombi ulitangazie taifa mpango huu kesho. Naomba jaribio la miezi sita, kati ya Kilosa, Mikumi na Kimamba kwa upande mmoja, na Dar es Salaam kwa upande wa pili. Kiwango kimoja kilichobandikwa ukutani, mfuko mmoja wenye lakiri kila siku ya kazi, mawakala wachache katika mitaa yenye wateja wengi, na stakabadhi yenye dhamana. Miezi hiyo ikiisha, itangazwe hadharani ni vipeto vingapi vilipokelewa, vilichukua siku ngapi, vingapi vilipotea na vingapi vililipwa; ikiwa hesabu italikataa jambo hili, sisi wa Kilosa na Mikumi tutanyamaza na kurudi barabarani kwa makondakta wetu. Ikiwa italikubali, basi lisiwe letu peke yetu, lipelekwe Ifakara, Mpwapwa, Njombe na kila mji mdogo ambao watu wake wana mikono ya kazi na simu mkononi. Tafadhali tujibu, na jibu lako liwe la hadhara kama ilivyo barua hii, hata likiwa la kukataa, ili tujue mahali pa kuanzia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuzaji mdogo wa Kilosa